Gazeti la Kufungia Nyama

Nyama ilikuja nyumbani mara moja kwa wiki, Jumamosi, nusu kilo, imefungwa kwa gazeti. Mama aliuza sukumawiki na nyanya katika soko la Machakos mjini, na akishamaliza kuuza alipitia bucha moja karibu na stendi kabla ya kushika njia ya kwetu Mutituni. Yeye alitaka nyama. Mimi, tangu mwaka 1997 nilipoingia kidato cha tatu, nilitaka gazeti. Nililifungua taratibu lisije likachanika zaidi, nikapangusa damu kwa kitambaa chenye maji, nikalianika kwenye kamba iliyopita juu ya mafiga. Kufikia Jumapili asubuhi lilikuwa limekauka na kukakamaa, linanuka moshi na nyama. Ndilo nililofanyia mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza.

Shule yangu ilikuwa ya kutwa, ya wasichana na wavulana, iliyojengwa kwa michango ya harambee kama shule nyingi za Ukambani. Kitabu kimoja cha Kiingereza kilisomwa na wanafunzi watano au sita. Vifungu vya ufahamu tulivipata kwenye karatasi za stensili ambazo mwalimu alizichapisha kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino wake ukitupaka viganja. Karatasi zilikuwa chache, kwa hiyo zilikusanywa mwishoni mwa kipindi zikatunzwa kwa ajili ya darasa litakalofuata. Kifungu kimoja tungekutana nacho mara tatu kwa mwaka. Hadi leo ningeweza kukueleza habari za mzee fulani aliyekata miti kwenye chemchemi, aya kwa aya, na majibu yake yote manane.

Tulikuwa na mbinu, na tuliamini ndiyo kusoma kwenyewe. Unaanza na swali. Unachukua neno kubwa kuliko yote katika swali hilo, unashuka nalo kwenye kifungu kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, na ukiliona unanakili sentensi nzima, kuanzia herufi kubwa hadi nukta. Maswali mawili ya kwanza yalikubali. Swali la tatu likiuliza ni kwa nini mama wa kwenye kifungu hakujibu alipoitwa, au mwandishi anamwonaje yule chifu, hapo hapakuwa na neno la kufuata. Mwisho wa kidato cha pili nilipata alama tano kwa ishirini. Nililia, kwa sababu nilikuwa nimesoma sana.

Nilijua kilichokuwa kikinisubiri. Mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, ulikuwa umeanza mwaka 1989, matunda ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioletwa mwaka 1985, na ndio uliokuwa mlango wa pekee wa chuo kikuu kwa mtoto wa kwetu. Alama ya chini ya kuhesabiwa kuwa umefuzu kwenda huko ni C+, ingawa nafasi za vyuo vya umma zilikuwa finyu na wengi wenye alama hiyo walibaki nje. Kiingereza ni lazima kwa kila mtahiniwa. Tena hakiishii kwenye karatasi yake. Swali la biolojia linaulizwa kwa Kiingereza, la historia vilevile, na hata fumbo la hesabu lenye matangi na mabomba. Asiyeelewa anachoulizwa anaanguka katika somo analolijua. Nimewaona wenzangu waliojua mmea unavyonywa maji kuliko mwalimu, watoto wa wakulima, wakikosa swali la mmea.

Basi nirudi kwenye gazeti. Kifungu cha mtihani kina mwanzo na mwisho. Gazeti la bucha halina. Mwenye bucha alilipasua kwa ukubwa wa nyama, hivyo ningepata nusu ya habari, safu mbili zilizokatwa katikati ya sentensi, kichwa kisicho na kiwiliwili. Mwanzoni jambo hili lilinitesa. Nilitaka kujua nani aliyekamatwa, na jina lake limekwenda na nyama ya mtu mwingine. Lakini kidogokidogo nilianza kuuliza maswali ambayo kifungu cha shule hakikuwahi kunilazimisha kuuliza. Hapa wanasema "yeye pia alikana". Kwa hiyo kuna mwingine aliyekana kabla yake, na kuna shtaka. Hapa neno ni "hatimaye". Kwa hiyo watu walingoja. Vineno vile vidogo, ambavyo katika kuwinda mstari nilivirukaruka, ndivyo vilivyokuwa vimebeba kipande kilichopotea. Sikuwa nimeambiwa na mtu kwamba huko ndiko kufahamu. Nilitaka tu kujua yaliyokuwa kwenye kile kipande kingine.

Mwaka ule wenyewe ulikuwa na mengi ya kusoma. Mwezi wa Septemba 1997 wabunge wa chama tawala cha KANU na wa upinzani walikubaliana juu ya mageuzi yaliyojulikana kwa herufi IPPG, na kabla ya uchaguzi wa Desemba Bunge likapitisha mabadiliko ya sheria, pamoja na ile ya mamlaka ya machifu. Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati, alikuwa akiwania urais, na katika soko la Machakos jina lake lilitajwa kuliko bei ya mahindi. Mvua za El Niño zilianza mwezi wa Oktoba, barabara zikakatika, na kuna Jumamosi mama alifika saa tatu usiku amelowa, nyama imelowa, na gazeti limegeuka uji mikononi mwangu.

Katika kipande kimoja cha siku hizo nilikuta sentensi niliyoielewa neno kwa neno na isiyonipa maana yoyote. Ilisema waziri fulani alikuwa ametenda jambo, na kitenzi kilikuwa kile kinachotokana na "table", meza; na kitu alichokitenda ni "bill", neno ambalo mimi nililijua kama hesabu unayopewa hotelini baada ya kula. Kamusi ndogo ya shule ilinithibitishia: meza, na hesabu ya deni. Nikaona waziri akiweka deni la chakula mezani, mbele ya wabunge. Nilisoma aya ile mara kumi. Sikuweza kusonga.

Jibu lilitoka redioni. Baba alikuwa na redio ya mawe manne, na saa moja jioni nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza taarifa ya habari ya Idhaa ya Taifa ya KBC. Msomaji akasema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kwamba waziri amewasilisha mswada bungeni. Nikasimama. Nilienda jikoni nikakitwaa kile kipande, nikakisoma tena kwa mwanga wa koroboi, na mara hii sentensi ikafunguka yote, na inayofuata, na ile iliyokatwa nikaweza kuimalizia mwenyewe. Hakuna meza wala deni. Kuna mswada, na mtu anauwasilisha.

Tangu jioni ile nilibadili namna yangu. Taarifa ya Kiswahili niliisikiliza nikiwa na daftari, nikiandika maneno: mswada, hoja, kuahirisha, kujiuzulu, dhamana. Kisha nilingoja Jumamosi iniletee Kiingereza chake. Mara nyingi habari ilikuwa imepitwa na wiki mbili au mwezi, maana magazeti ya bucha ni ya zamani, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujua kilichotokea; nilichokuwa nikikitafuta ni jinsi kilivyosemwa. Katika mtihani wa Kiswahili tulikuwa tukiulizwa maana ya maneno "kama yalivyotumika katika kifungu". Nilikuwa nimeyaandika maagizo hayo mara mia bila kuyasikia. Sasa niliyasikia. Neno halina maana moja iliyolala kwenye kamusi. Lina maana linayopewa na majirani zake.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyenifundisha, na hakuwahi kuketi darasani zaidi ya miaka mitatu. Mama alikuwa akimenya vitunguu na mimi nimeinama juu ya karatasi, akauliza kwa Kikamba wanasema nini. Mwanzoni nilimjibu kwa mkato: wanasema habari za Bunge. Hakuridhika. Habari gani? Nani kasema? Kwani yeye anataka nini? Nikimtafsiria sentensi, aliuliza swali ambalo lilinirudisha kwenye karatasi, kwa sababu nilikuwa nimeitafsiri bila kuifahamu. Niliposoma kwamba mamlaka ya machifu yatapunguzwa, alitaka kujua kama chifu bado angeweza kuwatoa watu shambani kwao kwenda kuchimba mitaro. Ilinibidi nitafute. Habari ilikuwa imelisema, aya ya nne, kwa maneno ya kuzunguka, na mimi nilikuwa nimeipita. Mama hakuwa na mwongozo wa kusahihisha. Alikuwa na haja ya kujua, na haja hiyo haikudanganyika kwa sentensi iliyonakiliwa.

Shuleni, Kikamba hicho nilichotumia kumweleza mama kilikuwa kosa. Aliyesikika akisema Kikamba alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza, na jioni waliopokezana kibao wote waliadhibiwa. Nilikivaa mara mbili. Uchungu wa viboko ulipita upesi. Kilichobaki kwa miaka ni wazo kwamba Kikamba na Kiswahili vilikuwa uchafu wa kunawa kabla ya kukaribia Kiingereza, wakati usiku, jikoni, ndivyo vilivyokuwa mikono yangu miwili. Ninaliandika hili kwa sababu bado nakutana na wazazi wenye shahada wanaowakataza watoto Kikamba ili wapasi Kiingereza.

Mwalimu wetu wa kidato cha nne alikuwa mtu wa aina nyingine. Alinikuta wakati wa mapumziko nikisoma kipande cha Sunday Nation chenye safu ya Whispers, ya Wahome Mutahi, nimekunja uso. Nilimwambia msimulizi wa safu hii anajisifu mno. Akaketi. Akaniuliza: ukimsikia mtu sokoni akijisifu namna hii, utaamini kwamba mwandishi anampenda? Tukaisoma safu nzima pamoja, akinionyesha pale ambapo maneno yanasema hivi na mwandishi anamaanisha vile. Kwa bibi yangu nilikuwa nimekua nikitega na kutegua ndai, vitendawili vyetu, ambavyo ukivichukua kwa maneno yake tu umeshindwa. Sikuwahi kudhani Kiingereza nacho huficha. Lile swali la mtazamo wa mwandishi, ambalo lilikuwa limenitoa machozi, likawa swali ninalolisubiri.

KCSE niliifanya mwishoni mwa mwaka 1998. Kuhusu mtihani wenyewe sina mengi. Nilikisoma kifungu chote kabla ya kutazama swali hata moja, na nilipomaliza nilijiuliza kimoyomoyo, kwa Kikamba, wanasema nini. Nilifuzu, nikaitwa chuo kikuu, na kama ilivyokuwa desturi ya miaka hiyo nikakaa nyumbani karibu miaka miwili nikingoja nafasi. Miezi hiyo niliitumia kuwafundisha watoto wa majirani, nao nikawaletea magazeti ya bucha.

Magazeti hayo yalikwisha kabla sijatambua. Mifuko ya plastiki iliingia kila duka, nyama ikaja nyumbani ndani ya mfuko mweusi. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, bucha hazikurudi kwenye gazeti. Zilianza kutumia karatasi tupu, safi, isiyo na neno lolote. Najua ni bora kwa afya. Lakini Jumamosi ya kwanza nilipoikunjua karatasi ile kwa mama na kukuta pande zote mbili hazina kitu, nilisimama nayo kitambo.

Mtihani nao ulibadilika. Mtaala uliounganisha Kiingereza na fasihi ulitahiniwa mara ya kwanza mwaka 2006, na karatasi ya pili ya Kiingereza sasa ni ya saa mbili na nusu, alama 80: kifungu cha ufahamu 20, dondoo la kitabu kilichoteuliwa 25, shairi au fasihi simulizi 20, sarufi 15. Naupenda mpangilio huu. Unamtaka mtoto asome kitabu kizima na ajue sauti. Shida iko kwenye mazoezi. Mpwa wangu, anayekaa kwa mama kule Mutituni, alifanya mtihani wa mwisho wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, na darasa lake ndilo litakalofunga 8-4-4 kwa KCSE ya mwaka 2027. Simu yake ina karatasi za mitihani kuliko maktaba nzima ya shule yangu, za kaunti zote, za mwaka hadi mwaka, kila moja na mwongozo wake wa kusahihisha. Husoma swali, hufungua mwongozo, hukariri jibu. Vifungu havisomi. Alinieleza kwamba havina faida, kwa kuwa havitarudi. Na ni kweli, havitarudi. Nilimtazama nikaona ile mbinu yetu ya kutafuta mbuzi aliyepotea, ila sasa mbuzi analetwa mlangoni.

Sikumhubiria. Likizo ya Aprili nilikaa naye jikoni, na nikamwomba anisomee kifungu kimoja kwenye simu, kwa sauti, kuanzia mwanzo. Kilikuwa habari za mfugaji aliyekataa kuuza ng'ombe wakati wa ukame. Alisoma vizuri, matamshi safi kuliko yangu. Mama alikuwa kwenye kigoda chake anachagua mahindi ya muthokoi, macho yake siku hizi hayaoni vyema. Mpwa alipomaliza, akashusha kidole kutafuta maswali.

"Wanasema nini?" mama akauliza.

"Ni habari ya mtu na ng'ombe, susu."

"Mtu gani? Alikataa kwa nini, na wanakufa?"

Msichana alifungua mdomo, akaufunga. Akapandisha maandishi hadi juu, akaanza upya, sasa polepole, sentensi moja kwa Kiingereza, kisha Kikamba.