Baba wa nyuma ya tangi

Leo siandiki siasa wala bei ya mafuta. Leo ni habari za binti yangu mwenye miaka minne na miezi kadhaa, ambaye Jumamosi iliyopita alinipa jibu moja fupi ambalo bado halijanitoka kichwani. Nami ndiye mwenye kazi ya kuuliza watu maswali.

Jumamosi ile nilikuwa na mapumziko. Kwa sisi wa magazetini, Jumamosi ya kupumzika ni kama mvua ya Agosti hapa Dar es Salaam. Basi nikatoa kiti uani, nikaweka kikombe changu cha chai, nikasema leo nakaa. Nyumba tuliyopanga hapa Tabata ina ua mmoja kwa familia nne, kwa hiyo watoto hawakosekani. Siku hiyo walikuwa watatu: binti yangu, binti wa jirani mwenye miaka mitano, na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu, ambaye siku zote hupewa kuwa mtoto, apende asipende.

Walianza na daladala. Viti vinne vya plastiki vikapangwa kimoja nyuma ya kingine. Binti yangu akawa konda. Akachezesha vijiwe kiganjani kama sarafu, akagonga ndoo kwa kofi, akawaambia abiria wasogee nyuma, ingawa abiria wenyewe walikuwa wawili. Mmoja alipompa jani kama nauli, alilitazama, akalirudisha. "Hii imechanika, nipe nyingine."

Jamani, mimi nimepanda daladala miaka yote hii, lakini nisingeweza kumwigiza konda namna ile.

Daladala ikageuka shule. Kandambili zikapangwa mistari miwili, zikawa wanafunzi. Mwalimu, ambaye ni yeye tena, akaziuliza herufi. Ziliposhindwa kujibu, zikachapwa fimbo moja moja. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nikajiambia kwamba wiki hii lazima nipite pale chekechea nikaone wanafundishwaje. Hayo nitayaeleza siku nyingine.

Ndipo wakaja kwenye baba na mama.

Binti wa jirani akawa mama. Akapanga mafiga matatu, akabandika kopo, akatia mchanga, ukawa wali. Majani ya mpapai yakakatwakatwa, yakawa mboga. Vifuniko vya soda vikawa sahani. Akafunga chupa tupu ya maji mgongoni kwa kipande cha kanga, kwa sababu mtoto mmoja hakumtosha.

"Mimi baba," binti yangu akasema. Akachukua boksi tupu la dawa ya meno, akaliweka sikioni, akasema, "Ndiyo, ndiyo, natuma sasa hivi," akaenda nyuma ya tangi la maji.

Basi. Akakaa huko.

Huku nyuma mambo yalikuwa mengi. Mama alipika, akapakua, akamlisha mtoto, akamwogesha bila maji. Mtoto akaugua, akapelekwa hospitali, akachomwa sindano ya kijiti, akalia kweli, akapona. Zilipita kama dakika ishirini, baba haonekani. Nikadhani amesusa, au ameona mjusi. Nikanyanyuka kwenda kumtazama.

Nilimkuta amechuchumaa kivulini, boksi lake mkononi, ametulia tu.

"Mbona umekaa huku peke yako?"

"Niko kazini."

"Kazi gani unafanya?"

"Nasubiri walale, halafu ndiyo nirudi."

Nikarudi kwenye kiti changu. Chai ilikuwa imepoa.

Ngoja nijitetee kidogo. Gazeti hufungwa usiku. Natoka ofisini saa tatu, siku nyingine saa nne, na hadi nifike nyumbani yeye kashalala. Asubuhi anaondoka kwenda chekechea mimi bado nimelala. Kila usiku namfunika shuka vizuri, na mwenyewe nilikuwa nahesabu hilo kuwa ni malezi. Sikufikiri kwamba upande wake hesabu inasomeka vingine: baba ni mtu anayerudi watu wakishalala.

Mwanasaikolojia mmoja wa Kisovieti, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto anapoigiza hafanyi ovyo. Akiwa mama, anazifuata kanuni za kuwa mama kama anavyozijua. Nikimpima binti yangu kwa maneno hayo, kanuni za konda anazijua nyingi, mpaka noti iliyochanika. Za mwalimu anazijua. Za baba anazo tatu: ongea na simu, toka, subiri walale.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nimeandika habari za watoto. Inapokaribia Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, huwa nakumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na pia nafasi ya kucheza na kupumzika. Nimeyaandika hayo kwa herufi nzuri, nikiwa ofisini, usiku, wakati mwenye haki hiyo amelala.

Basi nikaenda pale kwenye mafiga, nikauliza kama na mimi naweza kucheza. Wale wawili wakatazamana. Mama wa nyumba akafikiri kidogo, akasema, "Wewe uwe mgeni."

Nikawa mgeni. Nikapewa kindoo nikikalie, nikaletewa kifuniko kilichojaa wali wa mchanga. "Karibu, shemeji," akasema yule wa miaka mitano, na mimi nikashukuru kwa heshima zote.

"Na baba wa hapa yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko kazini. Atarudi usiku."

"Hebu mpigie simu, mwambie mgeni amefika."

Mama hakuwa na simu, akatumia kandambili. "Haloo, baba, kuna mgeni!" Kutoka nyuma ya tangi tukasikia, "Nakuja!" na binti yangu akatoka mbio, boksi akaliacha hukohuko. Akaja kukaa karibu yangu, akala wali wote.

Sina hotuba ya kumpa mtu. Kodi ya nyumba inalipwa na kazi hiyohiyo inayoniweka nyuma ya tangi. Jumatatu nilimwomba mhariri anipange zamu ya asubuhi angalau siku moja kwa wiki. Amenipa Jumatano. Siyo nyingi, lakini ipo. Wazazi wenzangu, wakianza baba na mama, sogezeni kiti karibu msikilize. Mtajisikia mkitajwa.

Jumatano nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani. Konda aliniona getini, akasimama, akanitazama kama mtu asiyeamini. Halafu akagonga ndoo.

"Panda, baba, nyuma kuna nafasi."

Nikapanda. Nauli nilitafuta jani lisilochanika.