Nyumba ya Mlalo Isiyopitisha Simu

Ukishuka basi pale Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, jua hukuchoma kama umeinamia jiko. Kisha gari huiacha barabara kuu na kuanza kupanda milima ya Usambara. Ni kilometa 33 hivi mpaka Lushoto, kona juu ya kona. Soni utayaona maporomoko ya maji, na akina mama wakikunyooshea vikapu vya plamu na peasi dirishani. Ukifika Lushoto utakuwa umeshavaa sweta. Sisi huendelea mbele zaidi, mpaka Mlalo, nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Nyumba hiyo aliijenga marehemu baba mkwe: msingi wa mawe, kuta za udongo, ghorofa moja juu, na baraza la mbao mbele. Kuta za chini unene wake ni kama mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Mwezi wa saba, baridi inapong'ata, humo ndani hakuna anayetetemeka. Ila ina dosari moja: simu haiingii.

Nilipoolewa mwaka 1996 hilo halikumsumbua mtu. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza Dar es Salaam mwaka 1994, lakini habari za Mlalo tulizipata kwa barua aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Leo mambo yamebadilika. Fedha za dawa hutumwa kwa simu, na habari za msiba na za mtoto aliyezaliwa hupita humo humo. Mama akinyamaza siku mbili, sisi huku hatupati usingizi.

Masika ya mwaka 2024 alishikwa na homa usiku. Akachukua tochi na simu, akatoka kwenda kwenye jiwe kubwa lililo juu ya migomba, mahali ambapo majirani wote hupigia simu. Njia ilikuwa tope tupu. Aliteleza, akavunjika mkono, akalala pale kwenye mvua mpaka jirani alipotoka kuona mbwa wanambwekea nani. Nilipofika hospitali nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, kisha akasema kama anayeomba radhi, "Nilikuwa natafuta mtandao, mwanangu."

Mwezi wa saba tulikwenda wote. Mume wangu alikuwa amekwisha kukata shauri: nyumba ibomolewe, ijengwe ya matofali ya saruji. Mama akamtazama kwa muda. "Baba Neema, udongo wa ukuta huu baba yenu aliukanyaga kwa miguu yake. Mimi sihami."

Tukamwita kijana mmoja anayetengeneza simu sokoni. Alizunguka nyumba nzima akiwa na simu mkononi, akisimama kila mahali kama dakika moja, maana vile vistari vya mtandao huchelewa kubadilika. Kila aliposimama alipiga simu ya kweli, asiamini vistari peke yake. Mwishowe akatueleza.

Simu huzungumza na mnara kwa mawimbi. Udongo na mawe huyadhoofisha, na ukuta uliolowa maji huyadhoofisha zaidi. Bati nalo, kama chuma chochote, huyarudisha yalikotoka. Mnara wetu uko ng'ambo ya bonde, na chumba cha mama kilikuwa nyuma, kimeegemea mlima. Kwa hiyo mawimbi yalitakiwa kupenya nyumba nzima ndipo yamfikie kitandani. "Hata ungejenga ya saruji," alimwambia mume wangu, "ukimweka mama nyuma chini ya mlima, mambo yatakuwa yale yale."

Akauliza mama anatumia simu gani. Wajukuu walikuwa wamemletea simu kubwa ya kisasa, na kile kitochi chake cha zamani kilikuwa kabatini. Kijana akacheka. Simu ile kubwa ilikuwa ikihangaika kutafuta mtandao wenye kasi, na huku kuhangaika ndiko kulikokuwa kukimaliza chaji kabla ya jioni. Mawimbi ya masafa ya chini hupenya ukuta vizuri kuliko ya masafa ya juu. Ni kama ngoma kubwa, ambayo husikika hata nyuma ya nyumba, wakati filimbi imekwisha kupotea. Kitochi hutumia mtandao wa 2G, ambao mara nyingi hupita kwenye masafa hayo ya chini. Alijaribu pia laini tatu za kampuni mbalimbali, kwa kuwa minara yao haiko mahali pamoja. Moja ilishika vizuri kuliko ya mama.

Shemeji yangu alitaka anunue kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao alichokiona dukani mjini. Kijana akamkataza. Kifaa ambacho hakijaidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kinaweza kuuvuruga mnara wenyewe, na kijiji kizima kikakosa simu.

Basi dawa ilikuwa nini? Kulikuwa na chumba kimoja tu cha chini ambacho kitochi kilishika bila shida: chumba cha mbele, chenye dirisha la mbao linalotazama bonde. Hicho kilikuwa sebule ya wageni, chenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na kilifunguliwa mara chache kwa mwaka.

Mama alipinga. "Wageni nitawakalisha wapi?"

Nikamjibu, "Mama, wageni watakaa barazani. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Siku ile ile tulihamisha kitanda. Nilimshonea mfuko mdogo wa kitambaa, tukautundika kwenye msumari kando ya dirisha, kitochi kikae humo usiku na mchana, sauti yake juu kabisa. Namba zetu tuliziandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, tukaibandika ukutani. Gharama yote ilikuwa laini mpya, msumari na ujira wa kijana.

Mama mwenzangu, kabla hujafikiria kubomoa au kununua kifaa cha bei kubwa, zunguka nyumba ya wazee wako na simu mkononi. Jua mnara uko upande gani. Jaribu laini za majirani. Kisha jiulize ni nani anayelala kwenye chumba kinachosikia na nani anayelala kwenye kisichosikia. Kwetu sisi, chumba kizuri kuliko vyote tulikuwa tumewawekea watu wasiokuwepo.

Mwezi wa kumi nilimpigia saa nne za usiku, mvua ya vuli ikinyesha. Simu iliita mara mbili akapokea. Nikashtuka, nikamwuliza yuko wapi na mvua ile.

"Niko kitandani, mwanangu," akasema. "Nimejifunika."