Wape Kwanza Waitikiaji Wako

Butiama,
Septemba 2025

Mjukuu wangu mpendwa,

Bibi yako goti linamsumbua asubuhi, jua likipanda linatulia. Mvua za vuli hatujaziona bado, ila mihogo haijatuangusha. Shangazi yako wa Musoma alipita juzi akitokea Mwigobero, akatuachia dagaa na habari zako.

Habari zenyewe zina sura mbili. Ya kwanza imenifurahisha: kwamba siku hizi harusi haifungwi Bunda bila wewe kuitwa, na video zako watu wanarushiana kwenye simu mpaka Kibara. Ya pili ndiyo iliyonifanya nitafute miwani na kalamu. Naambiwa kwenye ile sherehe ya mwezi uliopita watu walikutunza mpaka noti zikadondoka chini, ukazifunga zote kwenye kanga, halafu wapiga ngoma na wale mabinti watatu wanaokuitikia ukawapa nauli tu. Naambiwa pia yule mdogo mwenye sauti nyembamba aliomba aongoze wimbo mmoja, ukamnyang'anya maiki mbele za watu. Najua habari ikitoka Bunda mpaka ifike Butiama inakuwa imetiwa chumvi. Hata nikiikata nusu, iliyobaki inatosha kuandikiwa barua.

Ulishawahi kuniambia kwamba msanii apimwe jukwaani, ya nyumbani kwake ni yake. Sikukujibu siku ile kwa sababu kulikuwa na wageni. Leo nakujibu kwa kukusimulia mtu mmoja ambaye kizazi chenu mnamjua kwa jina tu, kama mnalijua: Hukwe Zawose.

Kwanza uelewe alivyofika tulikomsikia. Desemba 10, 1962, siku Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri mpya ya Tanganyika, alisema jambo ambalo sisi vijana wa wakati ule lilituchoma. Alisema wengi wetu tuliosoma tumejifunza kucheza rumba na chacha na twist, lakini Gombe Sugu au Lele Mama hatujacheza, wengine hata kuzisikia hatujazisikia. Akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Wengine walidhani ni maneno ya sherehe. Lakini Mwalimu, huyu mtoto wa Mtemi Burito, alikulia hapa Mwitongo, akachunga, na ngoma alizisikia kabla hajaenda shule Mwisenge akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alichokuwa anakisema alikijua. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, wakatafutwa watu wenye vipaji mikoani, na miongoni mwa walioitwa Dar es Salaam kwa mwaliko wa Mwalimu mwenyewe alikuwepo Zawose, Mgogo wa kijiji cha Doduma, mchunga ng'ombe, mpiga zeze na marimba.

Sisi huku tulimpata kwa RTD, redio ya taifa. Betri za redio zikiisha tulikuwa tunazianika juani ili zitoe nguvu ya mwisho, na mara nyingi nguvu hiyo ya mwisho iliishia kwenye sauti yake. Alikuwa anaanzia chini kabisa, kifuani, kisha anapanda mpaka unajiuliza kama ni mtu yule yule. Lugha yake hatukuijua. Wazanaki, Wajita, Wakurya, hakuna aliyeelewa neno, na hakuna aliyezima redio.

Miaka mingi baadaye niliiona kwa macho ile marimba ya Kigogo, wenyewe wanaiita ilimba. Ni sanduku la mti, si kubwa sana, juu yake vimepangwa vipande vya chuma vilivyofuliwa bapa, vingine virefu vingine vifupi, vya kubonyezwa kwa vidole gumba. Kwenye ubao kuna tundu, na tundu hilo wamelizibia utando wa buibui, ule mweupe unaofunika mayai yake. Utando ndio unaofanya sauti ivume. Ukitoboka, marimba inalia kavu, na mwenyewe inabidi akatafute buibui mwingine. Nilikaa naitazama muda mrefu. Mguuni wanavaa nguga, njuga zao, kwa hiyo mtu mmoja aliyekaa chini anaimba, anapiga kwa vidole na anahesabu mapigo kwa mguu.

Basi mtu huyo alikwenda mbali. Mwaka 1985 sahani ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza. Baadaye akarekodi na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel: Chibite mwaka 1996, na mwaka 2002 Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook wa Kanada, marimba na magitaa ya umeme humo humo. Wazungu walijaa viwanjani kumsikiliza. Mtu wa hivyo angeweza kubaki huko huko, au kurudi na kujijengea ghorofa lenye geti, watoto wa jirani wakafukuzwa na mbwa.

Yeye kila safari ilipoisha alirudi Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, hicho wanachokiita sasa TaSUBa. Hapo alikuwa na familia yake, na ilikuwa kubwa kweli. Nataka uitazame familia hiyo kwa makini kuliko sahani zake. Nyumbani kwake hapakuwa na mpaka kati ya mazoezi na maisha. Watoto, wapwa, wajukuu, wote walikulia kwenye vyombo. Anayeweza kushika zeze alishika, asiyeweza aliitikia au alipiga ngoma. Vyombo walivitengeneza wenyewe. Kundi lake lilikuwa ni ukoo wake, na waliokuwa nyuma yake jukwaani ndio waliokuwa wanakula naye nyumbani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Alifariki Bagamoyo Desemba 30, 2003. Mtu wa karibu yake katika muziki alikuwa Charles Zawose, mwana wa ndugu yake, waliyerekodi naye na kuzunguka naye duniani. Kila mtu alimwona huyo kuwa ndiye wa kuushika muziki ule. Charles naye akafariki mwaka 2004. Haukupita hata mwaka mzima. Hebu piga hesabu: kama mzee angekuwa amemfundisha Charles peke yake, kama angekuwa amewaficha wengine asije mtu akamzidi, leo ningekuwa nakuandikia habari za sahani zilizoko makabatini Ulaya. Lakini nyumba ilikuwa imejaa. Mwanawe Msafiri akaendelea, akatoa kazi zake mwenyewe, na anapiga kwa namna yake, si kwa kumwiga baba. Na mwaka 2024 wakatokea wanawake wawili wa nyumba hiyo, Pendo ambaye ni binti yake na Leah ambaye ni mjukuu wake, wanajiita The Zawose Queens, wakatoa albamu yao Maisha, na Real World hao hao.

Hapo kwenye wanawake simalizi kwa kumsifu mzee. Enzi zake waliimba nyuma, wakaitikia, wakapiga ngoma ya muheme ambayo Ugogoni ni ya wanawake. Kuongoza na kushika ilimba ilikuwa kazi ya wanaume, na yeye pamoja na ukubwa wake wote hakuivunja desturi hiyo. Walichofanya Pendo na Leah wamekifanya wao. Ila mtu haongozi wimbo ambao hakukulia ndani yake. Waliupata kwa sababu walikuwepo uani, na uani hakuna aliyewafunga masikio.

Nakwambia hili kwa makusudi. Bibi yako amenidokeza kwamba unataka kujifunza ritungu, na kwamba kuna wajomba wamekwambia hicho ni chombo cha wanaume. Mimi sina neno. Nyuzi zake ni nane, na uzi haumuulizi mtu jinsia yake. Tena hapa kwetu Mara wapigaji waliobaki ni wazee, na ndugu zetu wa Tarime na Serengeti ndio wanaojitahidi zaidi. Ukiweza kukaa na chombo kile kikubwa na ukakivumisha, kaa nacho. Atakayenuna anune.

Lakini kuna mpigaji mmoja wa ujana wangu, jina lake nalihifadhi kwa kuwa wanawe wako hai, ambaye nimemkumbuka sana wiki hii. Hakuna sherehe iliyofana bila yeye. Alikuwa anaweza kumsifu mtu mpaka mtu huyo akatoa ndama. Nyumbani kwake ritungu lilitundikwa juu kabisa, chini ya paa, na mtoto aliyeligusa alipigwa. Waliokuwa wanamwitikia walikuwa wanabadilika kila msimu, maana kila mmoja aliondoka akinung'unikia malipo. Alipokufa chombo kilishushwa, ngozi ilikuwa imeshaliwa na panya, na nyimbo zake hakuna anayeweza kuziimba mpaka mwisho. Mimi mwenyewe nakumbuka vipande vipande tu.

Kwa hiyo tuje kwenye hela. Ukitunzwa, fungua kanga hapo hapo na watu wako wakiona. Toa kwanza ya waitikiaji na wapiga ngoma, kisha ya gari, inayobaki ndiyo yako. Mwenye sherehe anaiona sauti yako, lakini wewe unajua kabisa kwamba ukikosa pumzi ubeti wa tatu ni wale mabinti wanaokubeba. Usiwalipe kwa huruma. Walipe kwa mapatano, na mapatano yafanywe kabla ya kupanda jukwaani, maana baada ya shughuli kila mtu anakumbuka kivyake.

Yule binti mwenye sauti nyembamba mpe wimbo mmoja kila shughuli. Usimpe ule mbaya usioutaka wewe. Mpe mzuri. Najua unaogopa atakuzidi. Inawezekana atakuzidi kweli, na watu watauliza, amefundishwa na nani?

Mambo mengine nayataja haraka. Nyimbo ulizotunga kazisajili COSOTA, kwa watu wa hakimiliki. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na wanaoitumia ni wachache, wengine wanasubiri mpaka wasikie wimbo wao kwenye tangazo la mtu. Pombe ya kukaribishwa usiinywe kabla ya kuimba. Na kwa kuwa huu ni msimu wa kampeni na uchaguzi ni Oktoba 29, utaitwa na wengi ukawasifu. Zawose naye alimsifu Mwalimu, wala sioni aibu humo, maana alimsifu mtu ambaye matendo yake aliyaona. Mtu usiyemjua mwimbie harusi ya mwanawe, sifa zake muachie anayemjua.

Waliomtembelea mzee Zawose Bagamoyo walimkuta katikati ya watu wake, na hilo ndilo jibu langu kwa lile neno lako la jukwaa. Jukwaani alikaa saa moja au mbili. Muda uliobaki wote aliutumia kwenye ua ule, na kinachosikika leo kimetoka huko. Sahani za Real World zimesaidia, sikatai; bila hizo dunia isingemjua. Ila sahani haijamfundisha Leah kuitikia.

Oktoba 14 inakaribia. Kama kila mwaka, hapa Mwitongo patakuwa na misa na wageni kaburini kwa Mwalimu, na watu wa kijiji wameniuliza kama utakuja kuimba jioni. Nimewaambia nitakuuliza kwanza. Ukija, njoo na kundi zima, si wewe na spika. Bibi yako amesema mtalala hapa, kuku wapo, na wale mabinti watalala chumba cha ndani. Nimemsemesha pia mzee mmoja mwenye ritungu. Atakuja nalo, na amekubali ulishike.

Lakini hela yao ya mwezi uliopita wapelekee kabla ya siku hiyo. Uwapelekee mwenyewe, nyumba kwa nyumba, usitume kwa simu. Ukipungukiwa niambie, nina kidogo cha mihogo.

Wasalimie wote Bunda.

Ni mimi babu yako,
Butiama