Watani wa Jadi wa Alabama

Watangazaji wetu huwaita Gor Mahia na AFC Leopards watani wa jadi. Mimi, shabiki sugu wa Auburn, nasita kulitumia neno hilo kwa Auburn na Alabama. Vyuo hivi vya jimbo moja la Marekani viliacha kukutana uwanjani baada ya mechi ya 1907, vikarejea 1948. Miaka arobaini na mmoja ya kununiana! Mtani hukutukana matangani, kisha akakushikia jembe kaburini. Lakini Auburn iliposhinda mwaka 2010, shabiki mmoja wa Alabama aliitilia sumu mialoni ya Toomer's Corner, ambayo sisi huipamba kwa karatasi za msalani tunaposhangilia. Ikakatwa Aprili 2013.

Tarehe 30 Novemba mwaka uo huo, mambo yakiwa 28-28, ilisalia sekunde moja. Alabama wakaupiga mpira kutoka yadi 57, ukapungukiwa. Chris Davis akaudaka chini ya milingoti, akatimka nao kandokando ya mstari wa kushoto, uwanja mzima, hadi mwisho. 34-28! Nilipiga ukelele hata sauti ikanikauka. Usiku ule, pasipo mialoni, karatasi zilitundikwa kwenye nyaya.