Ua Zuri Penye Pango la Bikira Maria

Sisi wa Kashebere tumelipenda ua hili kwa miaka mingi, na sisi wenyewe ndio tuliolipanda. Tulikata matawi yake tukayazungusha penye pango la Bikira Maria, tukafurahi kuona yanashika upesi. Wala hatukuuliza limetoka wapi.

Mtalitambua hivi. Maua ni madogo, yamekaa pamoja katika kishada cha mviringo: katikati manjano, pembeni mekundu au ya waridi, maana kila ua hubadili rangi likizeeka. Shina lina pembe nne na miiba midogo. Jani linakwaruza kama ulimi wa paka, na ukilifikicha linanuka sana. Matunda ni ya kijani, kisha meusi ya kung'aa. Wataalamu huliita Lantana camara. Kwao ni Amerika yenye joto. Wazungu walilipeleka Ulaya kupamba bustani, na toka bustani likaenea duniani.

Ndege hula matunda na kutawanya mbegu. Kwetu lilitoka pangoni likaingia malishoni, likawa kichaka kisichopitika, na chini yake majani ya ng'ombe hayaoti tena.

Ng'ombe aliyelizoea ua hili kwa kawaida hulipita. Lakini huku Masisi vita vimewahamisha watu pamoja na mifugo yao, na ng'ombe mgeni mwenye njaa hachagui. Tulimwona mmoja wa namna hiyo, mweupe na mweusi. Alikataa kula, macho yakawa manjano, na ngozi yake, pale penye weupe tu, ikapasuka na kubanduka. Tuseme kweli: tulidhani ni uchawi. Jirani mmoja alikwisha kutajwa, ndipo mganga wa mifugo akatuonyesha majani yale. Sumu yake huharibu ini, na ini likishindwa kazi, jua lenyewe huunguza ngozi. Ng'ombe alikufa. Yule jirani tulikwenda kumwomba radhi.

Huko Busoga, Uganda, malale yalipozuka mwaka 1976, vichaka vya ua hilihili karibu na nyumba vilikuwa maficho ya mbung'o.

Sasa tunang'oa. Kukata hakutoshi, wala kuchoma, kwani kisiki huchipua. Chimbeni mizizi yote kabla matunda hayajaiva, na watoto wasile yale ya kijani.

Mama mmoja anayepamba kanisa amenung'unika kwamba pango limebaki uchi. Kweli limebaki uchi. Jumamosi tunamaliza upande wa njia.