Mkopo Usiokuwa Mkopo: Kosa la Mfasiri Barazani

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii niliijua tangu utotoni, lakini sikuonja makali yake hadi siku niliposimama mbele ya baraza la wazee katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini, tafsiri yangu mkononi.

Nilikuwa nimepewa kibarua cha kutafsiri waraka wa mradi wa kuhifadhi mikoko. Palipotajwa hati za kaboni katika Kiingereza, mimi, kwa pupa ya kumaliza kazi, niliandika "mikopo ya kaboni". Kamusi haikunidanganya, nililichukua neno bila kuuliza linafanya kazi gani. Nilipokwisha kusoma, mzee mmoja aliinuka, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mkopo huu tutaulipa kwa nini? Kwa mikoko yenyewe, au kwa ardhi ya wajukuu zetu?" Minong'ono ikazuka, na kikao kikavunjika.

Usiku ule sikupata usingizi. Niliurudia waraka, safari hii nikitafuta maana kabla ya maneno. Nilibaini kuwa kampuni inayotaka kusawazisha kaboni yake hupaswa kwanza kuipima: umeme inaotumia, mafuta ya magari yake, safari za ndege za maafisa wake. Pili, huipunguza kadiri iwezekanavyo. Kwa masalio yasiyoepukika, hununua hati. Kila hati huwakilisha tani moja ya hewa ya kaboni iliyozuiwa au iliyonyonywa kwingineko. Ikishatumika, hufutwa katika daftari ili isiuzwe mara ya pili.

Kumbe mdeni ni kampuni! Wanakijiji ni wauzaji, nami nilikuwa nimewatwika deni la mwingine kwa neno moja tu.

Wala jambo hili si ndoto. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati zake. Unahifadhi hekta 117 za mikoko, na mapato yake yamesaidia shule na huduma za maji kwa wanavijiji wa Gazi na Makongeni. Aidha, sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyofanyiwa marekebisho nchini mwaka 2023 inataka jamii itengewe angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhini. Haki kama hiyo mtu ataidaije ikiwa hati anazouza ameambiwa ni mkopo?

Baraza lilipoitishwa tena, nilianza kwa kuomba radhi, kisha nikasoma "hati" kila mahali palipokuwa na "mkopo". Mzee yule alitikisa kichwa kuridhika, halafu akauliza swali zito zaidi: "Na huyo anunuaye, ataendelea kuchafua?" Nilimjibu kwamba anaweza, iwapo atanunua bila kupunguza kwanza. Tena, hati ina thamani pale tu ambapo msitu ungeharibiwa kama mradi usingekuwapo, na ambapo utaendelea kusimama miaka mingi baada ya fedha kulipwa. Wazee waliomba waachiwe nakala waisome majumbani kabla ya yeyote kutia sahihi. Niliona fahari kuwaachia.

Tangu siku hiyo naitazama kwa makini hata istilahi "fidia ya kaboni". Katika lugha yetu, fidia hulipwa aliyedhulumiwa. Hapa mnunuzi hulipa mtunza msitu, ilhali anayeathiriwa na ukame huenda asipate hata senti. Neno likikubaliwa bila kuhojiwa, linaweza kumsafisha asiyestahili.

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, aghalabu hudhani uundaji wa istilahi ni kazi ya darasani. La hasha! Ipo mikoko inayosubiri maneno yetu, na wajukuu watakaoishi chini ya mikataba tuliyoitafsiri. Dawa ya deni ni kulipa; nasi tuhakikishe kwamba lugha yetu inamtaja mdeni halisi.