Nahodha Aliyegeuzwa Dereva

Mazungumzo ya uvuvi hapa Kunduchi, yaanzie dikoni au kwenye kahawa Mtongani, huishia kwenye uchache wa samaki. Zamani nguru alishushwa mzimamzima na majirani wakapata vipande. Leo mtu anauliza bei ya changu, anashusha pumzi, anaondoka na dagaa. Sina ugomvi na malalamiko hayo, maana ni ya kweli. Ila katika yote niliyoyaona yakigeuka kwenye pwani hii, lililonishughulisha zaidi halihesabiwi kwa kilo, nalo ni cheo cha mtu anayejua pa kwenda. Hoteli za ufukweni zilipoanza kujaa wageni, katika miaka ya 1960 na 1970, mgeni aliyetaka kuvua hakuwa na njia nyingine ila kumtafuta nahodha wa kijijini, kukubaliana naye, na kumtii akishaingia chomboni. Siku hizi anayetafutwa ni mwenye boti. Nahodha huitwa baadaye, huoneshwa injini, huambiwa saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Mkononi ana usukani, lakini uamuzi umeshatolewa na mwingine. Nadai kwamba mabadiliko hayo, yaliyopita bila mtu kuyapigia kelele, yametugharimu zaidi kuliko tunavyodhani, na samaki wenyewe ni sehemu ya gharama hiyo.

Ili dai hilo lieleweke lazima tukumbuke nahodha alikuwa anauza nini. Hakuuza safari, kwa sababu kufika Mbudya si kazi. Kisiwa unakiona ukiwa umekaa ufukweni. Aliuza wakati. Mwaka wa mvuvi wa pwani yetu ulikuwa unahesabiwa kwa Nairuzi, siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na juu ya hesabu hiyo akaweka mwezi wa angani na maji yake: bamvua mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu katikati. Bahari ya Dar es Salaam wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mwamba uleule asubuhi unakuwa na samaki na adhuhuri ni jiwe tupu. Kubwa kuliko hayo ni majira ya pepo. Kusi ikipungua mwishoni mwa mwaka, kabla kaskazi haijakaza, huja wiki za maleleji ambapo bahari inalala, mkondo unaokwenda kaskazini unapungua kasi, maji yanapata joto, na samaki wa kupita wanaanza kuonekana: jodari, nguru, sulisuli. Huo ndio mwanzo wa msimu. Ukitoka mapema mno unapambana na mawimbi ya kusi bure. Ukichelewa unakuta upepo umeshageuka. Tarehe yake haimo katika kalenda ya ukutani. Mtu huijua kwa rangi ya maji, kwa ndege wanaorukia vidagaa juu ya maji, na kwa umande wa alfajiri unavyovuma kutoka nchi kavu.

Kisha kuna mahali. Mwamba wa chini hauna bango, na nahodha aliupata kwa kulinganisha alama za nchi kavu mbili mbili: kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966, kikae sawasawa juu ya mti fulani wa ufukweni, na papo hapo ncha ya Mbudya ianze kuachana na kisiwa cha Pangavini. Mistari miwili ikikatana, nanga inateremshwa. Akikosea kidogo tu, anashusha mshipi kwenye mchanga. Akitaka kurambaza, mshipi ukiburutwa nyuma ya chombo, aliujua ukingo ambapo maji ya kijani yanageuka ya buluu na akaufuata bila kuuvuka. Mzigo wote huo ulikuwa kichwani, na ulirithishwa kwa mwanafunzi wa chombo aliyeanza kwa kukomba maji na kukata chambo cha ngisi, akakaa miaka kabla hajaachiwa tanga.

Kazi ya namna hii ipo kwingine duniani, nasi tungefaa kutazama wenzetu wameipa hadhi gani. Katika mito inayomwagika kwenye Maziwa Makuu ya Marekani Kaskazini, watu husafiri mbali mwanzoni mwa majira ya kuchipua kumvua trauti anayekulia ziwani kisha akapanda mto kutaga, na baada yake samaki wa aina ya besi, ambaye maji yakianza kupata joto husogea kwenye mawe ya maji mafupi. Trauti huyo si mwenyeji wa Michigan. Alipandikizwa huko mwaka 1876 kutoka pwani ya Pasifiki, kama vile ndugu zake walivyopandikizwa baadaye kwenye mito ya milima ya Kenya. Lakini mwongoza wageni ni mwenyeji, na anauza kilekile cha nahodha wetu: kujua kwamba wiki hii, katika kina hiki, samaki ameshafika. Jimbo la Oregon humpa mwongozaji leseni kwa jina lake, na Michigan nayo imeanza kufanya hivyo kuanzia mwaka 2024, kwa masharti ya kujua huduma ya kwanza na kutoa taarifa ya walichovua wateja wake. Tusiseme hayo ni mambo ya matajiri. Kilimanjaro, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuna mgeni anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa. Nchi hiihii iliyotambua kwamba mlima una wajuzi wake haijasema neno la namna hiyo kuhusu bahari. Mvuvi ana leseni ya kuvua, chombo kina leseni yake, mgeni anakata kibali cha uvuvi wa michezo. Ujuzi peke yake ndio usio na karatasi, nami nadai nahodha naye apewe leseni ya mwongozaji.

Ujuzi huo ulipotea vipi, basi? Haukupotea kwa siku moja, na sababu moja haitoshi. Ya kwanza ilianzia mtoni. Mchanga wa mito ya Tegeta, Mbezi na Mlalakuwa ulichimbwa kujengea jiji, na ufuo uliokuwa ukilishwa na mito hiyo ukaanza kuliwa na mawimbi. Hoteli ya Africana ilibomolewa na bahari hadi ikaachwa, na jina lake sasa ni kituo cha daladala kwenye Barabara ya Bagamoyo. Abiria wengi wanaoshuka pale hawajui kwamba wanataja hoteli. Hoteli iliyokuwa karibu na diko ilikuwa na mapatano na diko. Zilizofuata, zenye kuta na gati zao, zilijenga mapatano na wenye boti. Ya pili ni injini na faiba, zilizohitaji mtaji ambao mwenye ngalawa hakuwa nao. Ya tatu ni sheria. Mwaka 1975 Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu, na sheria ya mwaka 1994 ikaviweka chini ya hifadhi za bahari. Siilaumu hatua hiyo, maana bila hiyo pengine tusingebaki na tumbawe la kuonesha mtu. Lakini iligawa kazi kwa namna isiyokusudiwa. Ndani ya eneo tengefu mgeni anakuja kuogelea na kula samaki wa kuchoma chini ya banda la makuti, na anayemvusha ni mpiga usukani tu. Uvuvi wenyewe ukasukumwa nje, kwenye maji marefu, na safari za kufika Fungu Kizimkazi, kusini mwa Unguja, zikabaki kwa boti kubwa zenye injini mbili.

Atasema mtu kwamba naomboleza chombo kilichozama. Leo kuna jipiesi na mashine ya kuonesha samaki chini ya boti. Kwa nini tumlipe mtu kwa kukumbuka kilima na mti, hasa wakati mti umekatwa na mbele ya kilima yamesimama maghorofa? Hoja hii ina nguvu kwenye nusu yake ya kwanza. Kwa kupata mahali, jipiesi imemshinda nahodha, na mabaharia wenyewe wanaitumia bila aibu. Nusu ya pili ndiyo inayoanguka. Mashine ya kuonesha samaki inakwambia kilichopo chini yako sasa hivi. Haikwambii kwamba ungengoja saa moja maji yaanze kutoka, wala kwamba wingu lile la kusini litakukuta kabla hujaufikia mlango wa Mbudya. Mwenye boti anayemwamini skrini peke yake hufanya jambo moja linalofahamika na kila mtu dikoni: anauza safari kila siku, mwezi wowote, maji yoyote, kwa bei ileile. Wageni wanarudi mikono mitupu, wanaambiwa bahari imeisha samaki, nao wanakwenda kuyasema hayo kwao. Nahodha mwenye kauli angewaambia jana, “Msitoke, maji mafu haya, njooni baada ya siku nne.” Asiye na kauli anawasha injini.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, nalo sitaki kulipita kwa haraka. Hawa tunaotaka kuwapa heshima, wasemao husema, ndio hao waliolipua miamba kwa baruti. Ni kweli uvuvi wa mabomu uliiumiza pwani ya Dar es Salaam kuliko sehemu nyingine ya nchi. Ulijulikana tangu miaka ya 1960, sheria ya mwaka 1970 ikaupiga marufuku, lakini haukukoma. Mwaka 2015 watafiti walipopita kando ya pwani ya Tanzania wakiburuta vinasa sauti chini ya maji, walisikia milipuko zaidi ya 300 kwa muda wa kama mwezi mmoja, na zaidi ya nusu yake ilikuwa jirani na jiji letu. Lakini itazame kazi yenyewe ya bomu. Chupa, mbolea, utambi, na samaki wanaonekana kwa macho. Haihitaji kujua bamvua, wala chambo, wala mwezi. Haina mwanafunzi wa chombo anayekaa miaka. Ni uvuvi wa mtu asiye na cha kupoteza kwenye mwamba ule kesho, na ndiyo maana naona chanzo cha kuenea kwake hapohapo ninapopasema. Ujuzi ulipoacha kulipa, aliyebaki nao hakuwa na sababu ya kulinda mahali ulipofanyia kazi. Doria za miaka iliyofuata zimepunguza milipuko sana, na nawapongeza walioifanya kazi hiyo. Doria hata hivyo inamzuia mtu. Haimpi kitu cha kulinda. Nahodha mwenye wateja wanaorudi kila mwanzo wa kaskazi kwa sababu ya mwamba fulani ni mlinzi asiyelipwa na serikali.

Lipo pia la samaki wa kitoweo. Kwa nini sulisuli ashindaniwe na mgeni kwa ajili ya picha, wakati Mtongani watu wanakula ugali na mchicha? Hapa nakubali nusu kwa nusu. Uvuvi wa michezo unaorudisha samaki hai majini haugusi sufuria ya mtu, na boti zake ni chache mno kulinganisha na nyavu za ringi zinazotoka usiku na taa. Lakini boti hizo zinapouza nguru na jodari waliovuliwa na wageni, zinaingia soko lilelile la mvuvi wa mshipi bila kubeba mzigo wake. Kanuni ya leseni ingeweza kulitenganisha hilo kwa sentensi moja. Kuhusu ada, ambayo wengi wanaihofu, leseni ya mwongozaji ikigeuzwa tozo nyingine juu ya tozo, bora isiwepo. Iwe bei ya kawaida, itolewe kupitia kikundi cha diko cha kusimamia rasilimali za uvuvi (BMU), na mtihani wake uwe majini mbele ya manahodha wakongwe, si karatasi ya maswali ya kuchagua.

Limebaki swali ambalo manahodha wenyewe hulitoa, nalo ndilo gumu kuliko yote: ukishaniandikisha utataka niandike na miamba yangu. Mvuvi hamwoneshi mwenzake alama zake, hata kaka yake, na kitabu cha taarifa kinaonekana kama njia ya kumvua nguo. Wenye kutunga masharti hayo wasijifanye hawalioni. Lakini taarifa inayohitajika haitaji jiwe. Inatosha aandike upande wa nje wa Mbudya, bamvua ya kwanza ya Novemba, nguru wawili, sulisuli mmoja amerudishwa. Mistari kama hiyo kwa miaka kumi, kutoka vyombo ishirini tu, ingewapa watafiti wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, walio hapahapa Kunduchi, jambo ambalo meli ya utafiti ikipita mara moja haiwezi kulipata: ni lini hasa msimu unaanza, na kama unaanza siku zilezile ulizokuwa ukianza. Wazee wanasema maleleji hayafiki tena kwa wakati wake. Huenda bahari imebadilika, huenda ni kumbukumbu inayopamba ujana, na kwa sasa hakuna daftari dikoni la kuwapatanisha wanaobishana.